Mtu wa Kazi

Nyumba yetu ilikuwa nje kidogo ya mji wa Wete, pale maduka yanapokwisha na mikarafuu inapoanza. Ubavuni mwake palikuwa na banda la baba, limezungushiwa ua wa makuti mrefu kuliko mtu. Baba alikuwa fundi wa kupaka rangi magari. Miaka ile, kabla ya uhuru, magari kisiwani yalikuwa ya kuhesabika, lakini yote yalikuwa na kutu, maana hewa ya chumvi haikiachi chuma hata kikikaa shamba. Kwa hiyo baba hakukosa kazi.

Watu hudhani fundi wa rangi kazi yake ni rangi. Rangi ni ya siku moja. Siku nyingine zote ni msasa. Unaanza na msasa mkali kuitoa rangi ya zamani na kutu, mpaka chuma kinabaki kitupu. Palipobonyea unajaza puti, ule uji mzito wa kijivu unaopakwa kwa kisu kipana, nyembamba nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka likikauka unalipiga msasa. Kisha msasa laini kwa maji na sabuni. Kisha unafuta kwa kitambaa chenye petroli, usiguse tena kwa mkono wenye mafuta. Ukikosea hapo, rangi haitakufichia. Baba akisema, "Rangi haifichi kitu, rangi huonyesha." Na ni kweli, kibonyeo ambacho hukukiona kwenye chuma kikavu, ukishapaka rangi ya kung'aa hata mpita njia atakiona.

Mama alizaa watoto watano na Mungu akamwachia mmoja, ndiye mimi. Nilikuwa nimekaribia miaka kumi na saba, nimeshatolewa skuli, ni mwari wa ndani. Nikitoka, natoka na mama, nimejifunika buibui, tena jioni. Kazi yangu ilikuwa jikoni, kushona kofia na kumsubiri atakayenioa.

Asubuhi moja baba alianguka akitia udhu. Tulimkuta kando ya kisima, maji ya kopo yamemwagika, mdomo umepinda. Wakaja watu wa kumsomea, akaja pia daktari wa hospitali, na baada ya wiki kadhaa akaweza kusimama na kusema. Lakini mkono wa kulia ulilala. Aliubeba kama mtu anayebeba mtoto aliyesinzia, na mguu wa kulia akiuburura.

Bandani kulikuwa na milango ya basi la abiria iliyokwisha kutiwa puti kabla hajaugua. Mwenye basi alishakuja kuiulizia. Nikamwona baba siku moja, mimi nimesimama mlango wa jikoni unaotazama bandani, akijaribu kuupiga msasa mlango mmoja kwa mkono wa kushoto. Mlango ulikuwa umelazwa juu ya mapipa mawili. Kila akisukuma, mlango unateleza, na mkono wa kulia haupo wa kuushika. Akajaribu kuuzuia kwa tumbo. Mwishowe akautupa msasa chini, akakaa juu ya debe na kufunika uso kwa kilemba chake.

Nilitoka jikoni bila kufikiri. Nikauokota msasa, nikaushika mlango, nikasugua kama nilivyomwona yeye akisugua miaka yote. Baba alifunua uso, akanitazama, hakunikataza.

Mama ndiye aliyekuja juu. "Hii kazi ya wanaume," akasema. "Mwari huyu, bwana. Kesho kutwa watakuja watu kumtaka."

"Nani atamwona?" baba akajibu. "Ua huu mrefu. Milango hii tu, kisha ataacha."

Haikuwa milango ile tu. Likaja gari la mwenye duka, likaja la mganga, likaja lori la kubebea karafuu. Baba alipokea wateja mlangoni mwa ua, mimi nikiwa ndani. Kupuliza rangi aliweza mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Msasa na puti vikawa vyangu. Nilivaa kanzu yake kuukuu aliyoikata mikono, nikafunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi.

Baba alinifundisha kwa subira ambayo sikuijua kwake. "Jicho linadanganya," aliniambia. "Fumba. Pitisha kiganja polepole, kama unavyompapasa mtoto mwenye homa." Akauweka mkono wake wa kushoto juu ya wangu, tukaupitisha pamoja kwenye bati. "Hapa. Umesikia?" Mwanzo sikusikia kitu. Baadaye nikaanza kusikia mabonde na vilima ambavyo macho hayakuviona kabisa. Sitasema uongo, niliipenda kazi ile. Nilipenda bati linavyokuwa laini chini ya mkono, mpaka maji yanakimbia juu yake bila kusita. Lakini kuipenda kwenyewe nilikuonea haya. Nilijua msichana wa watu hapendi vitu kama vile, nikadhani nina kasoro fulani ambayo wenzangu hawana.

Na kulikuwa na jambo jingine. Niliwasikia wateja kupitia makuti. "Mashaallah, fundi, mkono wako umerudi! Tazama kazi hii, utasema hukuugua." Baba akijibu, "Alhamdulillahi." Hakuongeza neno. Nami ndani huko nikiinamia bati, nikiona uso unanipata moto. Sikujua naona haya kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Ikaja posa. Jirani yetu mmoja, bibi wa makamo aliyekuwa na ndugu Chake Chake, alimwambia mama kwamba kuna kijana wa huko, mwalimu wa skuli, watu wake wanauliza habari zangu. Shangazi yake kijana ndiye aliyemlea, naye angependa kuja kuniona. Mama alifurahi mpaka akasahau chungu motoni. Jioni ile alinishika mikono akaitazama kwenye taa. Ncha za vidole zilikuwa zimelika, hazina mistari, nyekundu kama za mtoto mchanga, na viganja vimeota sugu pale ubao wa msasa unapokaa. Puti ilikuwa imeingia kwenye kucha na haitoki hata kwa limau.

"Basi leo mwisho," mama akamwambia baba, kisha akanigeukia. "Hugusi tena msasa, mwanangu. Usiku nitakupaka mafuta ya nazi, siku yao ikifika tutakutia hina."

Baba alikubali, ila alikuwa na gari moja la mwisho. Lilikuwa gari dogo la kijani la bwana mmoja mwenye mashamba ya karafuu upande wa Mgogoni, mtu mkubwa, anayetiliwa maanani mjini na shamba. Gari lilikuwa limekwaruzwa ubavu mzima na boneti limebonyea. Tayari nilikuwa nimelifikisha kwenye puti. "Likishatoka hili," baba akasema, "nitamwambia kila mtu nimeacha kazi."

Ilikuwa kama saa nne ya asubuhi. Puti ya boneti ilikuwa imekauka, naipiga msasa mkavu, na msasa mkavu una vumbi. Lilikuwa limenipanda kwenye nyusi, kwenye kope, kwenye mashavu, nimekuwa wa kijivu kama mtu aliyefukuliwa. Nikasikia salamu mlangoni mwa ua, kisha sauti ya baba ikiitikia, kisha sauti nene ya mwenye gari.

"Gari langu limefikia wapi, fundi?"

"Limefika pazuri, bwana. Lakini ndani kuna vumbi jingi. Njoo kesho, inshallah."

"Vumbi siliogopi mie. Nina mgeni hapa kutoka Chake, nataka alione."

Baba akasema tena neno ambalo sikulisikia vizuri, na hapo hapo mlango wa makuti ukasukumwa. Wakaingia watu wawili wenye kanzu na makoti, na nyuma yao baba, akiburura mguu. Mlango wa jikoni ulikuwa upande wa pili wa gari. Ningekimbia ningepita mbele yao. Nikabaki nimesimama na ubao wa msasa mkononi, nimeinamisha kichwa.

"Nani huyu?" mwenye gari akauliza.

Nilimtazama baba kwa chini chini. Alikuwa ameushika mkono wake mbovu kwa mkono mzima, na midomo yake ilikuwa ikitafuta kitu cha kusema.

"Mtu wa kazi," akasema. "Anafuta vumbi tu."

"Mwanamke?"

"Mwanamke, bwana. Mtu wa shamba. Nimemsaidia tu, hana mtu."

Hana mtu. Neno lile alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya rangi.

Mgeni wa Chake alikuwa mzee mpole. "Maskini," akasema. Akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa shilingi, akanyoosha mkono kwangu. "Chukua, mama. Ufungue kinywa."

Nilimtazama baba. Sijui nilitaka afanye nini. Labda nilitaka aseme, basi, nilikuwa natania. Baba akaitikia kwa kichwa, kidogo sana, kwamba nipokee. Nikapokea kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa kupokea kitu cha mkubwa, na yule mzee akaiona mikono yangu, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mtoe nje huyu tulitazame gari," mwenye gari akasema.

"Toka, weye," baba akaniambia.

Niliingia jikoni. Mama alikuwa amesikia yote, amesimama nyuma ya mlango na mwiko mkononi. Nikampa ile shilingi. Alinipeleka uani, akanimwagia maji kichwani kopo baada ya kopo, na maji yalipita chini yakiwa meupe kama ya kuoshea mchele. Shilingi ile alimpa mtu wa kwanza kubisha hodi akiomba. Baba jioni hakuja kula na sisi. Alisema tumbo limejaa.

Sitaki kumfanya baba mbaya. Nimeishi miaka mingi sasa na nimeona watu wakisema maneno mabaya zaidi kwa woga mdogo zaidi. Angesema nini? Angesema, huyu ni mwanangu mwari, namficha humu anatutafutia mkate kwa vidole vyake? Mtu yule angelieneza neno mpaka Micheweni kabla ya adhuhuri. Nafikiri alidhani ananikinga. Lakini siku ile sikufikiri hivyo. Siku ile nilijiona mchafu mpaka baba yangu hawezi kunitaja.

Shangazi wa kijana alikuja siku chache baadaye, na binti yake na yule jirani yetu. Mama alikuwa amenitia hina nzito ili ifunike vidole. Nimevaa kanga mpya, nimekaa juu ya mkeka chumbani, macho chini. Shangazi alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kukaribisha hata akiwa mgeni. Alikula visheti vya mama, akavisifu. Aliniuliza nimehitimu Kurani kwa nani, nikamjibu. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka nikaanza kupumua.

Kisha akavuta kikapu chake. "Ah, nisisahau," akamwambia mama. "Kaka yangu mkubwa alipita hapa juzi na rafiki yake, kuangalia gari. Alirudi akitusimulia habari za mwanamke mmoja hapa kwenu, wa kazi, maskini, hana mtu. Alisema mikono yake ukiiona utalia. Basi mie nikasema sitakwenda mikono mitupu." Akatoa kanga, si mpya, lakini imefuliwa na kukunjwa vizuri. "Yuko wapi nimpe mwenyewe? Kitu cha sadaka bora umpe mtu kwa mkono wako."

Yule jirani, aliyejua kila kitu maana ukuta wake na wetu ulikuwa mmoja, aliinuka akasema anakwenda kutazama chai.

"Keshaondoka," mama akasema.

"Kaenda wapi?"

"Kwao. Sijui. Kaondoka."

"Lo! Masikini," shangazi akasema. "Basi nitakuachieni, akirudi mpeni." Akaanza kujikusanya aondoke. Akanigeukia mimi kuniaga, akanishika mikono yote miwili, akaipapasa kama wafanyavyo wanawake wakubwa wakimfurahia mtoto. Vidole vyake vikapita juu ya sugu za kiganja. Vikasimama. Vikarudi. Akaigeuza mikono yangu kuelekea dirishani, na chini ya hina, kwenye kona za kucha, ile kijivu ilikuwapo.

Alinitazama usoni. Nilisubiri aseme neno, lolote, hata la kunitukana. Macho yake yalijaa machozi. Akaichukua ile kanga aliyokuwa ameshampa mama, akaiweka mapajani mwangu taratibu, akatoka.

Jibu alilileta yule jirani baada ya wiki mbili. Walikuwa uani, yeye na mama, na baba alikuwa amekaa upande wa pili wa makuti, bandani, wala hawakujua. Mimi nilikuwa jikoni nasikia.

"Wamesema wasamehewe," jirani akasema.

"Kwa ajili ya mikono?" mama akauliza. "Mikono itapona."

"Si mikono. Bi shangazi amesema mikono ile ni ya mtu anayewasaidia wazee wake, angeibusu. Lakini wanaume wa kwao wamekataa. Wamesema wataungaje ukoo na mzee anayesimama mbele ya watu, mwanawe yu hai mbele yake, akasema huyu hana mtu?"

Upande wa banda nikasikia debe likisogezwa, kisha mguu ukiburuzwa ardhini, polepole, mpaka nje.

Ijumaa iliyofuata baba alikwenda mjini kusali. Nyumbani alirudi amechoka, akalala. Aliyoyafanya niliyapata kwa jirani. Baada ya sala, watu walipokaa barazani kwa muuza kahawa, na mwenye gari la kijani akiwa miongoni mwao, baba alisimama akasema, "Mabwana, nina neno. Yule mwanamke aliyeonekana bandani kwangu ni mwanangu wa kumzaa. Tangu nianguke, mie sijapiga msasa gari hata moja. Mlionisifu, mlimsifu yeye. Nilisema uongo." Kisha akakaa. Niliambiwa watu hawakujua watazame wapi. Mmoja akasema, "Basi, mzee, yamekwisha." Mwenye gari akamaliza kahawa yake, akaaga.

Mama aliposikia alilia kwa furaha. Alidhani na mimi nitafurahi. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Kabla ya hapo walionijua walikuwa wachache. Sasa kila aliyepanda gari Wete alijua kwamba bati lake limepita mikononi mwa binti wa fundi. Watoto walitoboa matundu kwenye ua wa makuti wanichungulie. Wanawake harusini walinisalimia kisha wakaitazama mikono yangu, hata wale waliokuwa na nia njema, hasa hao. Kukanwa kuliniuma, lakini nilikuwa nimekanwa mbele ya watu wawili. Kukubaliwa kulikuwa mbele ya mji mzima. Sikumwambia baba hivyo. Nilimtilia chai, nikamwekea, nikaondoka.

Mwenye gari alilichukua gari lake likiwa zuri kabisa, hakurudi tena. Wengine walikuja, lakini mama alishasimama mlangoni, na baba hakubishana naye. Masika ya mwaka ule ua uliangukia ndani na hakuna aliyeuinua. Baba alikuwa akikaa barazani akishona makawa ya kufunikia chakula kwa mkono mmoja na meno, akiyauza sokoni.

Niliolewa baadaye kidogo, na fundi wa kushona nguo wa Mkoani, mtu mzima aliyekwisha kuacha mke. Mama yake aliponishika mikono alisema tu, "Ina nguvu, vyema." Vidole vyangu viliota mistari tena. Nilizaa. Nikawa mtu kama watu.

Lakini baba alikuwa ameshika tabia moja ambayo hakuiacha mpaka mwisho. Kila akija Mkoani kunitazama, au nikienda mimi Wete, alinitambulisha. Alinitambulisha kwa utingo wa basi. Alinitambulisha kwa muuza ndizi ambaye nilinunua kwake kila siku. Alinitambulisha kwa mama mkwe wangu, nimekaa kwake miaka mitatu. "Huyu ni mwanangu," akisema, na mkono wake mzima ameuweka begani kwangu. "Wa kumzaa. Ni mwanangu." Watu walicheka kwa adabu. Mimi niliona haya kila mara.

"Baba, wanajua," nilimwambia siku moja njiani.

"Najua wanajua," akasema. Hatua chache mbele tukakutana na mtu mwingine, akalisema tena.

Mara ya mwisho ilikuwa hospitali ya Chake Chake. Alikuwa ameanguka tena na safari hii ulimi ulikuwa mzito mno. Nesi, msichana mdogo aliyevaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, alikuja na karatasi yake kuuliza nani atalala na mgonjwa, ni nani wake. Baba hakuningoja nijibu. Aliuinua mkono wa kushoto kitandani, akautafuta mkono wangu, akaushika, akaanza kulisema lile neno. Halikutoka. Akajaribu tena, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kututazama.

Niliinamisha kichwa kwa haya, kama nilivyozoea. Nesi alidhani nalia, akanisogezea kiti.